Njia ya Maganda ya Kahawa

Makindye, Kampala
Jumanne, 16 Juni 2026

Mpendwa Dada Rukiah,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Juba, na kifua kimepoa. Sisi ni wazima, na Lailah mwanao ni mzima kutushinda wote. Ila leo asubuhi Bi Jalia, mwalimu mkuu wa chekechea yake, ametangaza kwamba uwanja wa kuchezea utafunikwa wote kwa vitofali vya saruji. Mafundi wanaingia Jumatatu. Watu hawa wamenichosha, dada, lakini nitakueleza kwa mpangilio.

Uwanja ule aliutengeneza Hortense, mwalimu Mkongomani aliyeajiriwa mwaka huu. Alichimba shimo la matope, akatundika masufuria mabovu ya kupigwa kama ngoma, akaweka beseni za maji. Kisha akamtengenezea Lailah njia: kutoka darasani ni maganda ya kahawa, penye kona ni kokoto, mlangoni pa choo ni mchanga. Unajua macho yake hayaoni zaidi ya mwanga. Zamani alikuwa akishikwa mkono kila aendako, na mara mbili kwa wiki alirudi amejilowesha. Tangu Machi anavua viatu, anakwenda mwenyewe. Hajarudi na nguo mbichi hata siku moja.

Ugomvi ni soksi. Shule imeamuru soksi nyeupe, halafu wazazi wanashangaa kwamba matope si meupe. Mama mmoja, Zuleika, aliuliza mkutanoni kama analipa karo ili mwanawe afunzwe kufyatua matofali. Hortense akamjibu kwamba kwao Bukavu watoto husafishwa kwa maji, si kwa mikutano. Watu walicheka, kisha wakakasirika zaidi. Kasim, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alisema uwanja umekuwa kama soko la Bukoto siku ya mvua, na mgeni huona uwanja kabla hajaona watoto.

Leo nilimuuliza Bi Jalia Lailah atafanyaje. Alinijibu kwa upole kwamba atatafutiwa mtu wa kumshika mkono. Lailah, aliyekuwa kando yangu, akasema huyo mtu na ashikwe yeye.

Sasa lile ninalolizunguka tangu mwanzo. Ombi la vitofali lilihitaji saini saba za wanakamati. Nilidai nionyeshwe karatasi, nikaonyeshwa. Saini ya saba ni yangu. Kasim alinipa langoni tarehe 2 Juni, boda ikiningoja inanguruma, nami nikasoma kichwa tu: Kuboresha Uwanja. Miaka ishirini na sita nimewafokea waandishi wachanga wasome hadi mstari wa mwisho. Sina utetezi. Nilipomwambia Hortense, aliniuliza kama na gazetini tunafanya hivyohivyo.

Bi Jalia anasema saini huondolewa mbele ya mkutano tu. Nitaiondoa yangu, zibaki sita. Kasim amesikia, na tayari anatafuta mtu wa kuijaza nafasi.

Nisalimie shemeji na majirani zako. Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Usipoweza, nipigie simu unigombeze, lakini baada ya mkutano: ni Jumamosi tarehe 20, saa nne asubuhi.

Ndugu yako,
Jibril