Chuma cha Turbo si Jembe

Baba yangu,

Sasa hivi mjukuu wako Neema amechukua lile gurudumu bovu la turbo ulilomwachia achezee, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akasema "tsssss". Nikacheka, nikamuuliza hayo kayaona wapi. Akanijibu, "Baba kafanya jana. Chuma chekundu."

Kicheko kikaniisha.

Unakumbuka, baba, nilivyokuwa nakushikia taa kwenye gereji yetu hapa Mkiwa, nawe unaongea nami kama fundi mwenzako? Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini hili ulinieleza mpaka likaingia. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, inazungushwa na moshi wa moto wa injini, kwa hiyo gurudumu lake si chuma hiki tunachokijua, lina nikeli nyingi. Ndani yake mna punje zisizoonekana kwa macho, zimebanana kama alizeti kwenye ua lake, na hizo ndizo zinazolishikilia lisivutike likiwa jekundu. Kiwandani wanalipika: kwanza moto mkali, halafu moto wa kiasi kwa saa nyingi, ili punje ziote ndogo na nyingi. Mtu akiliunguza upya kwa gesi, punje zinayeyuka, au zinavimba na kuachana. Kwa nje linang'aa vilevile.

Nikakuuliza, si tulizamishe kwenye maji likaze? Ulicheka mpaka ukaweka spana chini. "Mwanangu, jembe ukilizamisha linakuwa gumu. Hili linabaki laini, na halikuambii." Ukanionyesha kipande cha turbo iliyopasuka zamani, kimezama kwenye mlango wa mbao wa gereji. Kipo hadi leo.

Sasa mume wangu, Baba Neema, kwao Iramba ni wahunzi wa majembe tangu babu zake. Mikono yake imezoea: pasha, nyoosha, zamisha. Ulituacha kabla hujamfikisha kwenye turbo. Jana alisema kanyoosha bapa lililopinda la gurudumu la turbo ya lori, mwenye lori kafurahi. Nikampakulia chakula, nikampongeza. Leo wanalijaribu lori, huko barabara ya Itigi lilikoharibikia. Na unaijua kawaida yake, kuinamia injini inaponguruma, sikio karibu kabisa na turbo, ulivyokuwa unamkataza.

Nimempigia, simu imeita humu humu ndani. Kaiacha kwenye chaji. Nimemtuma jirani wa bodaboda akamwambie azime, asogee mbali. Mimi mwenyewe arobaini ya uzazi haijaisha, mama mkwe hataki nivuke kizingiti. Ndiyo maana nimekaa nakuandikia, kichanga mapajani. Ni wa kiume, baba, tumempa jina lako. Nataka baba yake ndiye amfundishe kushika spana.

Tangu asubuhi upepo ulikuwa unaniletea mlio wa lori, unapanda, unashuka. Sasa umenyamaza. Najiambia kazima mwenyewe. Jirani kafika, kamwambia, wanacheka. Itakuwa hivyo.

Pumzika, baba. Kama huko mnaweza kumvuta mtu shati, mvute arudi nyuma kidogo.

Mwanao, mshika taa wako.

Nasikia pikipiki. Mama mkwe ananiita, anasema nitoke nje, yeye yule aliyenikataza. Dirishani naona wako wawili juu yake, na wa nyuma ni Baba Neema, ame—