Maelezo Kuhusu Laini Arobaini na Nane na Fundi wa Minara Asiyerudi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa usalama wa shahidi
Umri: miaka 41
Kazi: mchunguzi wa mitambo, kitengo cha kuzuia udanganyifu, kampuni ya simu
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, pamoja na mama yake
Tarehe: 14 mwezi wa sita, Jumamosi. Yameanza kuandikwa saa tatu kasoro robo asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili timamu, na nimekuja kituoni kwa miguu yangu bila kuitwa na mtu.

Kabla simu ya mtu haijaita, mitambo huulizana kwanza: nani anapiga, anampigia nani, huyo anayepigiwa yuko upande gani. Kazi yangu ni kusoma maulizano hayo. Maneno ya watu siyasikii, na yule afande wa mapokezi aliyeniuliza kama nazijua siri za mke wake atulie, sizijui.

Ninaowatafuta ni wezi. Simu inayotoka nje ya nchi inatakiwa kupita lango kuu la kampuni na kulipiwa hapo. Wezi huipitisha kwa intaneti hadi kwenye kisanduku chenye laini nyingi za humu nchini, na kisanduku ndicho kinachokupigia. Wewe unaona namba ya hapahapa, kampuni haipati kitu.

Mnamo tarehe 9, Jumatatu, saa moja asubuhi, mama yangu alikuwa amenuna mezani. Alisema, "Kaka yako amerudi juzi, ananipigia kwa namba ya hapa, na mlangoni kwangu hajafika. Nimemkosea nini mtoto yule?" Kaka yangu yuko ng'ambo mwaka wa sita sasa, na hajarudi hata kwa mazishi ya baba. Niliichukua ile namba nikaenda nayo kazini.

Kufikia saa tano nilikuwa nimezipata laini arobaini na nane, zote chini ya mnara mmoja. Zilipiga kutwa, hazikupigiwa, hazikupokea hata ujumbe wa salamu, wala hazikusogea hatua moja. Mtu wa kweli huenda sokoni, huenda kwa shangazi yake, hugombana na mwenzake akazima simu. Hizi zilikuwa haziishi maisha yoyote.

Nilimweleza meneja wangu. Ofisini tunamwita Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Nilitaka tuzifunge siku ileile. Alisema, "Taratibu, dada. Ukizifunga, kesho watanunua nyingine. Itafutwe nyumba kwanza." Hoja ilikuwa nzuri, nikakubali. Aliniuliza nani aende, nami nikamtaja shemeji yangu.

Shemeji yangu ni fundi wa minara wa kampuni hiyohiyo, mume wa mdogo wangu, mrefu hata watu wanamwita Nguzo. Hakujitolea, nilimtaja mimi kwa sababu namwamini. Naomba hilo liandikwe hivyohivyo. Safari yake tuliijua watu watatu tu: yeye, mimi na meneja.

Mnamo tarehe 12, Alhamisi, saa nane mchana, Nguzo alitoka na kifaa chake cha kupimia mawimbi. Saa kumi na robo alinipigia akicheka. Alisema, "Shemeji, arobaini zao zimefika. Ghorofa ya pili, juu ya duka la cherehani lililofungwa. Madirisha yamezibwa kwa maboksi, feni zinavuma, na humo ndani hakuna hata kikohozi." Nilimwambia apige picha aondoke. Alisema, "Napiga hivi, halafu nakuja, uniwekee chai." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, kuna mtu pale chini ananiita. Ananiita kwa jina langu kamili, lile la kwenye cheti."

Hapo simu ilikatika. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na mbili. Laini zote arobaini na nane zilinyamaza ndani ya dakika ileile. Nilimpigia mara kumi na moja bila kumpata.

Mnamo tarehe 13, Ijumaa, saa mbili asubuhi, mdogo wangu alikuja ofisini. Alikuwa ameshika chaja ya mumewe, akiamini simu imeisha moto tu. Aliniuliza, "Dada, mlimtuma wapi?" Nilimwambia kazini. Niliona aibu, na bado ninaiona.

Alipoondoka nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mapema. Kwenye mtambo wangu kuna kichujio. Nilikiweka mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, ili nionyeshwe tu yale yanayoweza kuikosesha kampuni mapato. Mitambo ikiulizana mtu fulani yuko wapi, hakuna anayepata hasara, basi maswali hayo niliyaficha yasinichoshe macho. Nilipokiondoa kichujio niliona kwamba siku ya Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na dakika ishirini, namba ya Nguzo ilikuwa imeulizwa ilipo mara thelathini na moja. Tangu saa nane ilikuwa ikiulizwa kila baada ya dakika tano. Mtu alikuwa akimfuata kila kona, na mimi ndiye niliyekuwa nimejifumba macho.

Maswali hayo hayakutoka nje. Yalitoka kitengo chetu. Ruhusa ya kuuliza hivyo tunayo watu wawili, mimi na meneja. Sikuuliza mimi.

Nilimwambia meneja kwamba Nguzo hajarudi. La maswali sikumwambia. Hakuinua macho. Alisema, "Sisi kinachotuhusu ni mapato, dada. Mtu mzima akilala nje, hilo ni la mkewe."

Leo, tarehe 14, nilifika ofisini saa mbili kasoro dakika kumi. Tulikuwa wawili tu, mimi mezani kwangu na meneja chumbani kwake, mlango ukiwa wazi nusu. Saa mbili na dakika tisa, simu ya Nguzo iliwaka. Jengo letu lina antena ndogo kila ghorofa, na mtambo uliniandikia ni antena ipi imeipokea. Ilikuwa ya ghorofa ya tatu, ghorofa niliyokuwa nimekaa. Iliwaka sekunde arobaini, ikazimika.

Sikugeuza shingo. Nilimsikia meneja akikoroga chai yake. Nilipiga moyo konde, nikasimama kama anayekwenda chooni, nikashuka ngazi. Mkoba wangu nimeuacha juu ya kiti. Ninaogopa, afande, sina haja ya kuficha. Naomba askari waende ghorofa ya tatu sasa hivi, kabla hajatoka na ile simu, kwa kuwa aliye nayo anajua shemeji yangu alipo, mzima au la.

Niliyoyaona na kuyasoma ndiyo haya, nimeyasema bila kushurutishwa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI

Nimeyaandika haya kwa mkono wangu, nikamsomea aliyeyatoa, akakiri ni sahihi. Saa nne kasoro dakika kumi nilifika ghorofa ya tatu nikiwa na askari wawili. Meneja alitupokea vizuri na kutupa ushirikiano wote. Simu ya fundi imepatikana ikiwa imezimwa, kwenye droo ya chini ya meza ya aliyetoa maelezo haya. Meneja ametukabidhi pia orodha inayoonyesha kwamba maswali yote thelathini na moja yaliulizwa kwa jina la shahidi la kuingilia kwenye mtambo.

Kuanzia saa tano na dakika kumi asubuhi shahidi anahesabiwa mtuhumiwa, na amewekwa mahabusu. Ameomba mdogo wake asielezwe na mtu mwingine isipokuwa yeye. Ombi limechelewa. Mdogo wake ameshafika kituoni, ameshaelezwa, na yuko tayari kuandikisha maelezo dhidi yake. Ameletwa na meneja, kwa gari lake.