Rangi ya Mifupa ya Areti

Melbourne, 3 Februari

Fotini mjukuu wangu,
Hujambo, mke mwenzangu? Miguu yangu inalalamika, mdomo bado mzima. Huko Athene wanakufundisha Wagiriki wa kale. Basi nami nakutuma kwa wa juzi. Tarehe 18 Machi dada yangu Areti anatimiza miaka mitatu kaburini, na kwa desturi yetu padri atamfukua. Hakuacha mtoto. Nenda kijijini, uioshe mifupa yake kwa divai, uitie sandukuni. Asipotokea ndugu, itamwagwa kwenye shimo la wote. Kisha niambie rangi yake. Ikiwa ya njano kama nta, amepumzika. Ikiwa nyeusi, ana kinyongo, na kinyongo chenyewe ni mimi. Nilimwachia mama mgonjwa nikapanda meli. Miaka arobaini hatukusemezana.
Bibi yako

Athene, 15 Februari

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, ila supu yao ya maharage haiifikii yako. Nitakwenda, ondoa shaka.
Mjukuu wako

Athene, 25 Machi

Shikamoo Bibi. Miguu haijambo? Nilikwenda. Ilikuwa ya njano, njano kabisa kama nta. Lala usingizi sasa.
Mjukuu wako

Melbourne, 9 Aprili

Fotini,
Sijambo. Nilimpigia padri simu nimshukuru. Anasema alingoja mpaka adhuhuri, hakuona mtu. Ulifika siku tatu baadaye, ukalia getini. Kulikoni?
Bibi yako

Athene, 20 Aprili

Bibi, nisamehe. Siku ile mwalimu alitupeleka kuchimba mabaki ya kale. Tukapata kaburi la mwanamke, nikapewa mimi kumsafisha kwa brashi. Nilijiambia wafu hawana haraka, padri atangoja. Nikamwosha mgeni, wa kwetu akatupwa. Naona aibu.
Mjukuu wako

Melbourne, 6 Mei

Mjukuu wangu,
Wafu hawana haraka. Mwenye haraka ni mimi. Hata mazishini kwake sikwenda, nitakukaripia kwa mdomo gani? Ila nijibu moja. Huyo mgeni wako, mifupa yake ilikuwa na rangi gani? Usinidanganye tena.
Bibi yako

Athene, 17 Mei

Shikamoo Bibi. Ilikuwa nyeusi. Mwalimu anasema ni udongo tu, haina maana nyingine.
Mjukuu wako

Athene, 28 Juni

Shikamoo Bibi,
Mbona kimya? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Baba anasema u mzima, unakula, unamwagilia nyanya zako, ila tangu usome ile ya rangi nyeusi, barua zangu umekataa zisifunguliwe. Masomo yamekwisha. Jana nilirudi kijijini, nikamwaga divai pale shimoni, nikataja majina yenu wote wawili.
Shikamoo, Bibi. Naingoja marahaba yako.
Mjukuu wako