Rangi ya Mtoto wa Kemuma

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Kisii. Tarehe 24 Agosti 1948.

Jina: Angwenyi mwana wa Ratemo. Umri: kama miaka hamsini na tano. Kazi: mkulima, tena mzee wa kijiji. Makazi: karibu na soko la Ekerenyo.

Nimeitwa kueleza jinsi Kemuma, mjane wa marehemu Ongeri, alivyommwagia uji karani wa hesabu ya watu. Nitaeleza, lakini nitaanzia pale uchafu ulipoanzia, na haukuanzia kwenye uji.

Mnamo tarehe 23 Agosti asubuhi, chifu aliniagiza nimtembeze karani Nyangate nyumba kwa nyumba. Nyangate ni Mgusii mwenzetu, wa upande wa Keumbu. Saa tano hivi tulifika kwa Kemuma. Alikuwa jikoni, na mke wake Nyanchera alikuwa uani anaanika wimbi.

Naona Koplo anayeniandikia ametabasamu. Ametoka upande wa ziwa, basi nieleze. Kemuma hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa Nyanchera ili nyumba isife. Mtoto anayezaliwa ni wa nyumba ya Ongeri, na mtu mwenye adabu haulizi nani alimpa mama mimba. Nyanchera alizaa mvulana, naye akaitwa Ongeri. Ana miaka minne. Ni mweupe kiasi na nywele zake zimelala. Sote tuna macho, na sote tulinyamaza.

Karani aliwaandika wengine vizuri. Alipomwona mtoto, akasema, "Huyu siwezi kumwandika Mwafrika. Hapa kwenye karatasi kuna mahali pa chotara."

Kemuma akatoka na chungu cha uji, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, andika Ongeri, wa nyumba hii. Inatosha."

Nyangate hakujali. Alimvuta mtoto, akampekua nywele, akampandisha shati, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua mbuzi. Kisha akamwuliza Nyanchera, mbele yangu mimi mzee, "Ni Mhindi gani? Wa duka lipi?" Nyanchera alijifunika uso kwa leso. Mtoto akakojoa pale pale. Nilisikia kinyaa mpaka mate yakanijaa kinywani.

Nyasani, ndugu wa marehemu, alikuwa amesimama karibu na ua. Akasema, "Andika chotara, karani. Chotara hatarithi shamba letu." Akacheka. Shamba hilo amelimezea mate tangu kaburi la nduguye lilipokuwa bichi.

Kemuma akamgeukia. "Nyasani, siku ya kumleta Nyanchera ulikula nyama yangu ukashiba. Hukuniuliza rangi." Hapo ndipo alipomwaga uji. Uliangukia karatasi na suruali ya karani. Ulikuwa vuguvugu. Karani akisema aliungua, ni uongo mtupu.

Kinachonichukiza zaidi ni kwamba Nyangate anaijua desturi hii. Mama yangu alitoka kwao, ndiyo maana nami najua. Nyanya yake Nyangate, wa upande wa baba, naye alioa mke kwa ng'ombe wake, na baba yake Nyangate akazaliwa na mke huyo. Hakuna aliyempandisha shati baba yake.

Kemuma yuko ndani tangu jana kwa ajili ya suruali. Chifu anataka nimrudishe karani kwenye nyumba hiyo na karatasi mpya. Nimekataa. Amtafute mwingine, na uzee wa kijiji anivue akitaka.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, na sipunguzi neno.

(Dole gumba la Angwenyi)

Maandishi ya askari: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Opondo. Nilimwuliza shahidi mtoto ni wa rangi gani, kwa kuwa Inspekta atataka kujua. Alijibu, "Ni Ongeri." Nikamwuliza mara ya pili. Alikwenda mlangoni akatema mate nje, akarudi akakaa. Nimeandika Ongeri.