Rupia Kwenye Kibuyu cha Mbegu

Baba,

Shikamoo. Ulizoea kuitikia kabla sijamaliza kuinama, basi nahesabu kwamba marahaba yako nimeisikia. Ni mimi Bhoke. Nimekuja Kemambo kutoka Natta kwa mume wangu, kwa sababu mama alituma watu waniambie chakula hakimpiti na usingizi haupati.

Anaogopa kwamba umemkasirikia huko uliko.

Ni zile sarafu zako. Wageni wa msiba walipotawanyika, mama alikuta mchwa wamelifikia kopo lako la tumbaku chini ya kitanda. Akazifungua sarafu zote kwenye vitambaa ulivyozifungia moja moja, akazimimina kwenye kibuyu, akazichanganya na majivu kama anavyofanya kwa mbegu ya wimbi. Tangu azaliwe hajaona mdudu akila kitu kilicholala kwenye majivu. Kisha masika yakaja, paa likavuja, majivu yakalowa. Nilipofungua kibuyu, senti za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na rupia za Mdachi zimeshikana, usoni zina mabaka meusi.

Nilikasirika, sikufichi. Nilitoka nikaenda kusimama zizini ili nisimwambie mama neno la kujutia.

Nikiwa huko nikakukumbuka mnadani, ulivyokuwa ukimrudishia muuza chumvi shilingi nzima kabisa ili akupe nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo. Ulizipanga kama mifugo. Ambayo haijapita mikononi mwa watu ilikuwa ndama. Iliyotembea kidogo, mtamba. Ambayo nywele za mfalme zimelika, huyo ni ng'ombe aliyezaa. Na ile iliyolainika hata mfalme mwenyewe hawezi kujitambua, ulisema ni mkongwe, aachwe afe zizini kwa heshima. Watu walikucheka, na mama aliwazidi wote. Alisema ameolewa na mchungaji wa ng'ombe wasiotoa maziwa.

Kuna jambo hukuwahi kuliona. Thumuni zenye kichwa cha Malkia zimefika huku kwetu. Ulizisubiri sana, ukawa unauliza kila atokaye Tarime.

Jana mama alirudi kutoka dukani akanikuta napangusa rupia kwa kitambaa kikavu. Akafungua pindo la khanga, akatoa thumuni ya Malkia. Alikuwa ameishika ukingoni, baba, kwa vidole viwili, jasho lisiguse uso wake. Nilidhani miaka yote ile alikuwa anacheka tu, kumbe alikuwa anatazama. Mwenye duka alimfokea kwa jinsi alivyomchagulisha sarafu, naye hakujali.

Akaniuliza, "Huyu ni ndama?"

Nikamgeuza kwenye mwanga. Shavuni pana mkwaruzo. Wewe ungesema mtamba bila kupepesa macho, hata kama anayeuliza ni padri.

Nikasema, "Ni ndama, mama."

Akaketi chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Alipopata sauti akasema, "Mwandikie Baba Bhoke. Mwambie sikuzitupa. Niliziweka na mbegu."

Basi nimekuandikia. Sijui huko mnakasirika namna gani, ila kama hasira unayo, naomba uiache. Kama ni lazima umkasirikie mtu, nikasirikie mimi kwa huo mkwaruzo niliojifanya sijauona.

Sarafu nitazifunga upya katika vitambaa na kwenda nazo Natta, mahali pakavu, mbali na moshi. Sitazisugua. Yale mabaka nitayaacha yalivyo, na wanangu wakiyaulizia nitawaambia bibi yao alifanya nini na kwa nini. Ila thumuni ya Malkia inabaki hapa. Mama ameshaichania kitambaa chake mwenyewe.

Leo amekula ugali akamaliza. Sasa ni mchana, jua kali, naye amelala kwenye ngozi hapa mlangoni, anakoroma kama alivyokuwa akikukera.

Nawe lala, baba. Sitamwamsha.

Binti yako,
Bhoke