Jani la Isale Nililolichuma Jangwani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba mfikishie yake, ingawa najua hataitikia. Mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoteleza pale mferejini? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo mgonjwa, na leo sitaki kukudanganya kama ninavyomdanganya dada Ndeshi kila akinipigia.

Aliyekuletea barua hii ni Shabani, kijana wa Soweto pale Moshi mjini. Tumelala chumba kimoja miaka miwili, na sasa mkataba wake umekwisha. Mpe ndizi, mpe maziwa, ila mbege usimkaribishe, ni Mwislamu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani ni ya baba, na akisikia sauti yangu anaiweka mezani na kutoka nje. Tena ninalotaka kuomba haliombwi kwa simu.

Uliwahi kuniuliza nchi hii ikoje. Joto lake si lile la Moshi mjini mwezi wa pili, ambalo wewe ulikuwa ukilikimbia kabla hujamaliza kununua chumvi. Hapa bomba la maji baridi linatoa maji ya kuogea mzazi. Mlango wa basi naushika kwa kitambaa. Miaka miwili sasa naendesha watalii kuwapeleka kwenye vivutio, na vivutio vyenyewe nilivijua kwa maegesho yake tu: wao wanaingia, mimi nabaki nje nachemka.

Basi mwezi uliopita tajiri alitupa madereva siku moja, nasi tutembezwe kama wageni. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilivaa lile shati ulilonipigia pasi siku ya Kipaimara cha mtoto wa Ndeshi.

Walianza kwa kutupandisha kwenye mnara. Mimi niliyekuwa nikipandisha wazungu mlimani siku tano kwa miguu, lifti ilinifikisha juu kabla sijameza mate. Pazuri kweli, bahari huku, majumba ya vioo kule. Lakini nilifanya ujinga, Mama. Niligeuka kuutafuta mlima. Nyumbani nikitoka mlangoni nautazama mlima najua niko upande gani wa dunia. Pale juu nilizunguka pande zote nne nikaona mchanga, na hofu ikanishika kama mtoto aliyepotea sokoni Mwika.

Kisha wakatupeleka kwenye jengo la maduka ambalo ndani yake wametengeneza theluji. Nje watu wanaungua, ndani watoto wamevaa makoti. Shabani akaniambia, "Kaka, hii si mali ya kwenu hii? Waambie wairudishe." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Mwisho tuliingia kwenye bustani ya nyumba ya kioo, wanayoipoza kwa mashine ili mimea ya nchi za milimani iishi. Kulikuwa na migomba miwili, imedhoofika. Na pembeni, ndani ya chungu, lilisimama isale, mmea wetu wa mipakani. Limewekewa kibao na kamba lisiguswe.

Mama, nilichofanya nyumbani unakijua, lakini mdomo wangu haujawahi kukitamka. Baba alipolazwa, niling'oa masale yote ya mpakani kwetu na Baba mkubwa, ili gari langu la kubebea wageni lipate njia. Wewe ulinizuia, nikakujibu kwamba ni majani tu. Babu aliyapanda alipowagawia baba na kaka yake kihamba, shamba la ukoo, na ndugu wale hawakuwahi kugombania hata hatua moja. Baba alitoka hospitali akakuta njia ya gari, na kaka yake hamsalimii. Mimi kitindamimba, niliyepaswa kubaki na nyumba na kuwatunza, badala ya kupiga magoti nikapanda ndege. Gari lenyewe niliuza nipate nauli.

Sasa Ndeshi ananiambia miguu ya baba imevimba, na hata mtori wa ndizi anausukuma. Niliomba ruhusa nije. Msimamizi akauliza kama baba amekufa. Nikasema hapana. Akasema basi, rudi kazini, mkataba bado mwaka mmoja, na pasipoti yangu anayo yeye.

Kwa hiyo nilipoliona lile isale nilivuka kamba, nikachuma jani moja. Nilitaka nilifunge fundo, Shabani alilete. Tumefundishwa tangu utoto kwamba jani la isale halikataliwi, hata aliyekuulia ndugu akikuletea unapokea na kusamehe. Mlinzi alinikamata mkono mbele ya watu, akaninyang'anya, akalitupa kwenye pipa la taka. Shabani alinivuta nje akisema, "Twende, kaka. Ni jani tu."

Nikamwambia, "Hata mimi nilisema hivyo."

Ndiyo maana barua imefika mikono mitupu. Kwetu masale niliyamaliza, halikubaki hata moja la kukata. Yaliyobaki ni yale ya makaburini kwa Baba mkubwa. Mama, naona aibu kukutuma, lakini sina mwingine. Nenda kwake. Mwambie mtoto aliyeng'oa anaomba jani moja. Akikubali kulikata, basi yeye amenisamehe. Kisha umwombe alifunge na alipeleke kwa baba kwa mkono wake mwenyewe, wakae, wanywe hata kibuyu kimoja cha mbege. Wakipatana wao wawili, hata mimi nisipotajwa, itanitosha. Ninaandika itanitosha, lakini haitanitosha.

Nisalimie dada Ndeshi pale dukani kwake Himo, na shemeji anayevumilia kelele zake. Nisalimie mama mdogo, mwambie vitenge alivyoagiza anavyo Shabani. Mchungaji mwambie ataje jina la baba kwenye maombi, langu aliache kwanza.

Shabani atalala kwenu siku mbili. Baba akilipokea jani, mpe Shabani neno anitumie. Akilikataa, na ninamjua baba yangu, Mama, anaweza kuwa wa kwanza mlimani kwetu kulikataa, usinijulishe. Mwache Shabani aseme barua ilipotea njiani. Nitaamini. Nitaiandika tena.

Kitindamimba wako,
Elinami