Brashi ya Baba Ndani ya Kioo

Ijumaa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile ya manyunyu isiyo na haraka, na moyo wangu umekaa vibaya.

Leo nilikwenda mtaa wa Nyamirambo kwa Mama, kukitoa vitu chumba cha Baba. Tulikuwa tumekubaliana kukipangisha. Tangu arobaini ya Baba mlango ule umefungwa kwa kufuli niliyoinunua mwenyewe, na ufunguo nakaa nao mimi hapa kwangu Batsinda. Mama hauhitaji. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Anatembea ndani ya nyumba kwa kupapasa kuta.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa. Katika safari moja ya Dar alirudi na shisha ya kioo cha buluu, ameizungushia blanketi kama mtoto mchanga. Shisha ilipopigwa marufuku nchini, aliacha kuivuta siku ileile, bila manung'uniko. Lakini hakuacha kuiosha. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikaa kitandani na vifaa vyake: brashi ndefu ya shingo ya chupa, brashi nyembamba ya kupita ndani ya mrija, chumvi ya mawe, ndimu, na kibakuli cha kuloweka ile mipira midogo ya kuzibia viungo.

"Kioo hakistahili kusahauliwa," alisema nilipomcheka.

Nilipofungua mlango leo, vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Redio, kitanda, viatu vyake. Nilipitisha kidole juu ya meza nikaacha mstari.

Shisha ilikuwa inang'aa.

Si kung'aa kwa kitu kilichofunikwa. Ilikuwa safi kama imeoshwa juzi. Ukiinusa unapata ndimu. Mipira imepangwa juu ya kitambaa, mmoja mmoja. Dirisha lina nondo, na limefungwa kwa ndani.

Kwanza nilimfikiria Mama, ingawa sikujua angepitia wapi. Nikamfuata jikoni, nikamuuliza kwa upole.

"Mimi?" akasema. "Mwanangu, nitaoshaje kioo nisichokiona? Na ufunguo si uko kwako?"

Akaendelea kuchambua mchele. Aliurudia uleule aliokwisha kuuchambua.

Uani nilimkuta Vestine, mpangaji wetu aliyekulia Bujumbura, anaanua nguo. Nikamuuliza kama kuna mtu anaingia chumba kile.

"Si ni wewe, dada?" akashangaa. "Mimi nasikiaga brashi kila Ijumaa, huyu mama mzee akiwa amekwisha kuswali. Nikafikiri wewe Zubeda iko unaosha chupa ya baba yako. Nikasema, yooo, mtoto mzuri."

Sijawahi kwenda kule siku ya Ijumaa. Leo ndiyo ya kwanza.

Nilirudi nikafunga kufuli, nikaivuta kuhakikisha. Kisha nikakaa na Mama barazani, bega kwa bega, tukitazama mvua. Yaani mimi natazama, yeye anaisikiliza. Alikuwa ameshaswali.

Ndipo ikaanza.

Chwii, chwii. Nywele za brashi zinazunguka ndani ya kioo, taratibu, halafu kimya kidogo, kama mtu anayeinua chupa aitazame kwenye mwanga. Halafu tena. Ilitoka nyuma ya mlango nilioufunga kwa mkono wangu.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Alinibana hadi nikaumia.

"Zubeda. Unasikia?"

"Nasikia, Mama."

Akalia. Nilidhani ni hofu, nikamkumbatia, naye akatikisa kichwa.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilijua akili yangu inaniacha. Macho yameshakwenda, nikasema sasa na kichwa. Nimekaa nalo peke yangu, naogopa kukuambia, usije ukanipeleka kwa madaktari wa wendawazimu."

Miezi yote hii mama yangu alikuwa akijiogopa mwenyewe, na mimi kwenye simu nilimuuliza tu kama amekula.

Niliinuka nikasimama mlangoni, ufunguo mkononi. Sauti haikukoma kwa ajili yangu.

Sikufungua.

Iliponyamaza nilimwambia afungashe nguo, tuje wote Batsinda, chumba kile tukiache hivyohivyo, pango tusamehe. Nilimsihi kweli. Nilimwambia mimi mwenyewe sitapata usingizi nikijua yuko kule.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mimi nikiondoka," alisema, "nani atamsikia?"

Nikambusu mkono, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikarudi nyumbani nimelowa chepechepe.

Sasa mvua imekatika. Watoto wa jirani wameitwa ndani. Nimezima televisheni na feni, nimekaa sebuleni nimetulia tuli, na naona haya kuandika kwamba nimetega sikio.

Je, nikisikia kitu, nitafurahi au nitakimbia?